Moshi Usiingie Chumba cha Nyuma

Kisangani, Kabondo, 6 Machi 1982

Tonton Feruzi,

Salaam nyingi kutoka kwa mtoto wa dada yako. Usishtuke kuona barua yangu baada ya kimya kirefu, hakuna aliyekufa.

Nataka unifundishe kuchoma nyama. Najua utacheka. Siku za Idi, ulipokuwa ukichoma mbuzi uani kwa mama, mimi nilikuwa wa kuosha sahani, na ulisema moto si mambo ya wasichana. Bon, msichana huyo leo ni mjane, na anataka kuuza nyama ya kuchoma ndani ya lupango lake, hapa uani, jioni, watu wakae, wale, wapige domo.

Nimekwisha jaribu. Nilipasua pipa la mafuta katikati, nikaweka wavu wa waya juu, nikanunua paja la mbuzi. Nje likawa jeusi kama tako la sufuria, ndani damu tupu. Jirani yangu alitafuna, akatema kwa adabu kwenye kitambaa. Nilicheka naye, kisha nikachukua kalamu. Lazima nyama hii iwe nzuri, Tonton. Lazima watu waje.

Niambie kuni gani, chumvi wakati gani, na nitajuaje imeiva. Na jambo moja zaidi. Pipa liko karibu na ukuta wa chumba cha nyuma, kile ambacho marehemu mume wangu alikuwa anawekea vyombo vyake vya useremala. Moshi wote unaingia humo. Nifanye nini usiingie?

Jibu upesi, na uandike habari za nyama tu. Barua za posta siku hizi zinapita mikono mingi.

Madina wako


Kindu, 27 Machi 1982

Madina mwanangu,

Nimecheka kweli, mpaka wateja wakauliza kuna nini. Kisha nikaona haya kwa maneno yale ya zamani, basi nisikilize vizuri.

Kosa lako ni haraka. Umeweka nyama juu ya ndimi za moto. Ndimi ni za kuchemshia maji. Sisi tunataka makala mekundu yaliyovaa majivu meupe. Weka kiganja juu ya wavu, useme Bismillahi Rahmani Rahimi taratibu kama mtu anayesali. Ukiweza kuimaliza, weka nyama. Ukitoa mkono katikati, subiri.

Makala yote yalundike upande mmoja wa pipa, upande mwingine uache mtupu. Nyama ianze kwenye joto, ipate rangi, kisha ihamie upande wa baridi, uifunike na majani ya ndizi, iive kwa raha yake. Hapo ndipo mtu anajulikana kama anaweza au hawezi, kwenye kungoja. Usiichome uma kila saa, maji yake yanatoka. Ikiiva, iache kwanza ipumzike kabla ya kisu.

Kuni: mpera ni mzuri kuliko yote. Mbao za marehemu usiguse, zina rangi na dawa, utaua watu. Chumvi tia asubuhi, na tangawizi na kitunguu. Ndimu kidogo tu. Pilipili iwe pembeni, kila mtu na ulimi wake.

Kuhusu moshi kuingia chumba, sielewi shida iko wapi. Moshi unaua mchwa. Lakini kama unakuudhi, kwa nini usilihamishe pipa tu?

Na Daudi? Tangu Mwaka Mpya hajaniandikia. Redio imesema kuna wanafunzi wa huko wanatafutwa kwa sababu ya karatasi za kutukana wakubwa. Mwambie mdogo wako akae mbali na wapumbavu hao, asome.

Tonton wako, Feruzi


Kisangani, 15 Aprili 1982

Tonton,

Barua yako nimeisoma, nimeishika kichwani, nimeichoma. Tafadhali usiandike tena habari za redio. Daudi hayuko kwangu. Sijui alipo.

Nyama sasa inaiva. Nilifuata maneno yako yote, hata Bismillahi. Mteja wa kwanza alinyonya mfupa mpaka ukawa mweupe, kesho yake akaleta shemeji zake. Wanakula na lituma la ndizi zilizopondwa na ndizi za kuchoma, wanabishana mambo ya mpira, lupango linajaa kelele. Kelele hizo nazipenda.

Pipa siwezi kulihamisha.

Sasa nifundishe kukausha nyama kwa moshi, ile inayoweza kusafiri siku nyingi bila kuoza. Kuna mtu anaihitaji kwa safari. Safari yenyewe sijui ni lini.

Madina


Kindu, 4 Mei 1982

Madina,

Umeniandikia kwa ukali, lakini nakusamehe. Naona mmegombana na Daudi. Nyinyi wawili tangu wadogo ni paka na panya. Atarudi akisikia njaa.

Sikiliza habari ya moshi. Kata nyama vipande virefu, usiache mafuta mengi, mafuta ndiyo yanaoza. Ipake chumvi, itundike kwenye hewa mpaka ikauke juu. Nyama yenye maji ikikutana na moshi inakuwa chungu. Tafuta chumba kidogo kilichofungwa. Moto uwe mdogo, kuni kavu, moshi uwe mwembamba, usiwe ule mzito mweupe unaotoa machozi. Na lazima kuwe na tundu chini ya ukuta. Watu wengi wanasahau. Moshi bila hewa ya chini unalala, hautembei, nyama inatoa jasho na kuoza. Tundu chini, nafasi juu kwenye bati. Ikikauka mpaka inalia kama ubao ukiigonga, isafiri mpaka Kinshasa ikitaka.

Sasa zawadi yangu. Una bahati! Rafiki yangu Kasongo, tuliyekulia mtaa mmoja hapa Kindu, amehamishiwa kwenu. Ni ajida, msimamizi wa askari wanaolinda uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Nimemwandikia aje kula kwako na awalete wenzake. Askari wanakula sana, Madina. Na lupango lenye askari haliguswi na wezi. Utanishukuru.

Tonton Feruzi


Kisangani, 22 Mei 1982
kwa mkono wa Hadidja

Tonton,

Hadidja, mama huyu anayeleta samaki wa moshi kutoka Kindu, ameapa kuifunga barua hii kiunoni ndani ya kitenge na kukupa mkononi. Leo nasema kweli.

Daudi yuko kwangu. Yuko ndani ya chumba cha nyuma tangu Februari. Alikuja mchana, uso umekuwa wa majivu, akaniambia, "Yaya, dada yangu, wamechukua wenzangu wawili kwenye kampasi." Zile karatasi hakuziandika. Alizigawa tu. Lakini nani atamwuliza kama aliandika au aligawa? Wale wawili mpaka leo mama zao hawajui pa kupeleka chakula.

Ndiyo maana nilianza kuchoma nyama. Mjane anayeishi peke yake hali sufuria mbili. Jirani alianza kuniuliza maji yote ninayochota yanakwenda wapi. Nikasema, nikiuza chakula hakuna atakayeshangaa tena. Na pipa halihami kwa sababu nyuma yake kuna tundu chini ya ukuta. Nikiinama kupuliza moto, napitisha sahani yake.

Halafu wewe ukaniletea askari.

Ajida Kasongo alikuja na salamu zako, mtu mpole, anavua kofia akila. Akaketi kwenye benchi inayoegemea ukuta ule ule. Alipenda. Akarudi na wenzake, na hao wakaleta wengine. Wanaegemeza bunduki zao ukutani. Upande wa pili yuko Daudi, amelala chali, hageuki, kwa sababu mkeka wake unalia. Tonton, nyama imekuwa nzuri mno. Nikiharibu, naogopa. Nikipika vizuri, wanaongezeka.

Jana upepo uligeuka, moshi wote ukaingia ndani. Daudi akakohoa. Mara moja tu, kisha akauziba mdomo wake, nikasikia anavyopigana na kifua chake. Askari mmoja akageuka.

"Mama Madina, iko mutu ndani?"

Nilikuwa nimeshika nyama juu ya moto na sikuweza kuiweka chini.

Ndipo Ajida Kasongo akaanza kukohoa yeye. Alikohoa kwa nguvu, akajipiga kifua, machozi yakamtoka. "Kuni mbichi hizi!" akapiga kelele. "Mama, unataka kutumaliza? Na weye, unashangaa nini? Kaniletee maji!"

Yule akaenda. Ajida akajifuta macho, akanitazama, akasema polepole, "Moshi wako huu, hata kuku wako wanakohoa."

Sina kuku, Tonton. Na yeye anajua sina kuku.

Amekwisha kuondoka, na mimi sijalala tangu jana. Je, alinificha, au ananiweka akiba kwa siku yake? Wewe unamjua. Niambie ni mtu gani.

Madina


Kindu, 5 Juni 1982
kwa mkono wa Hadidja

Madina mwanangu,

Hadidja alinipa barua nikiwa mbele ya wateja. Niliisoma nyuma ya duka, nikakaa chini kwenye kuni. Mimi na mdomo wangu! Nimempeleka chui zizini na nikaomba nishukuriwe.

Unaniuliza Kasongo ni mtu gani. Nilimjua kabla hajavaa magwanda. Tulilala kitanda kimoja mwaka ule wa vita, chakula chetu kilikuwa ni mihogo mibichi. Mtu yule nilikuwa namjua. Huyu wa leo mwenye mshahara na wakubwa juu yake, sithubutu kusema namjua. Kwa hiyo usimwulize kitu. Usimshukuru hata kwa macho. Mpe nyama yake kama kawaida, usimwongezee kipande.

Usifunge biashara. Wala usichome vibaya kusudi. Mtu aliyejua jana akikosea leo, anaulizwa.

Kausha nyama nyingi ya moshi, kila mtu aione unaianika. Sema ni oda ya Hadidja. Atavuka mto na mizigo yake mpaka Lubunga, apande treni ya Ubundu, halafu masuwa, meli ya mtoni, mpaka huku. Daudi atatoka kama mbebaji wake, kikapu kichwani. Mbebaji anatazamwa mzigo, hatazamwi uso. Avae matambara, asioge. Hadidja amekubali. Nilimwambia hatari yote wazi, akanijibu kwamba yeye naye ana mtoto wa kiume.

Akishatoka tu, ondoa mkeka, ondoa kila kitu, tundika nyama ndani ya chumba hicho hicho uwashe moshi. Ujaze mpaka kuta zinuke nyama tupu.

Ichome hii.

Feruzi


Kisangani, 24 Juni 1982
kwa mkono wa mama wa Ubundu

Tonton,

Hadidja aliniambia mama huyu ni wa kuaminiwa. Sijui kama wamekwisha kufika kwako. Mimi bado nasikiliza mlango.

Tulikuwa tumepanga watoke wiki hii. Lakini Alhamisi ile nyingine Ajida Kasongo alikuja peke yake, jua bado liko juu, hata moto sijauwasha vizuri. Hakuketi. Alikula kipande cha baridi kilichobaki, amesimama, anatazama barabarani. Kisha akasema, kama mtu anayeaga safari ya kawaida, "Mama Madina, kesho siji. Keshokutwa pia siji. Watakuja wengine. Hao hawatakuja kula."

Nilisema, "Sawa, Ajida." Ni hilo tu. Ulisema nisimshukuru, nikakutii. Akavaa kofia, akaenda.

Asubuhi yake, Hadidja akiwa tayari na mizigo yake, nikamtoa Daudi. Tonton, hatukufikiria miguu yake! Miezi yote amelala. Alisimama akaanguka, akasimama tena anatetemeka kama ndama. Tukamtwika kikapu. Hadidja akatangulia, mimi nikawa nyuma na kikapu kingine mpaka kwenye mitumbwi. Pale ng'ambo ya soko Daudi aliyumba, watu wote wakamtazama. Hadidja akamgeukia na matusi ambayo sijawahi kuyasikia. "Mulevi weye! Asubuhi yote hii umekwisha kunywa? Ukiangusha nyama yangu nitakuuza weye!" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao.

Kwenye mitumbwi askari akatusimamisha. "Fungueni." Akatoa kipande, akakinusa, akatafuna. Daudi yuko chini ya kikapu, karibu naye kuliko karatasi hii ilivyo karibu nami. Jasho linamtiririka.

"Nyama ya nani hii?"

"Ya Mama Madina wa Kabondo," Hadidja akajibu.

"Ah bon? Ile ya pale tunapokula?" Akachukua vipande vingine, akatia mfukoni. "Pitisha."

Niliutazama mtumbwi mpaka nisijue ni upi kati ya ile mingine. Daudi hakugeuka hata mara moja. Alikuwa amefundishwa asigeuke.

Nikarudi, nikafanya ulivyosema. Nilisugua sakafu, nikatundika nyama, nikajaza chumba moshi mpaka nikatoka nikitapika.

Jumamosi, natoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mtaa, na ufagio mkononi, nikawakuta ndani ya lupango. Hawakuvaa magwanda. Walikuwa na viatu vizuri. Walivunja kabati langu, walidunga godoro langu kwa chuma. Kisha mkubwa wao akafungua chumba cha nyuma, moshi ukampiga usoni, akaingia hivyo hivyo na kitambaa puani. Akapapasa kuta. Akapiga magoti. Akatia mkono wake ndani ya lile tundu mpaka kwenye kiwiko, vidole vikatokea huku nje nyuma ya pipa, vinacheza.

"Citoyenne, tundu hili ni la nini?"

Nikasikia sauti yangu inamjibu kwa maneno yako: moshi bila hewa ya chini unalala, hautembei, nyama inatoa jasho na kuoza. Nikaendelea, sikuweza kunyamaza, nikamweleza chumvi, nikamweleza kuni za mpera, nikamweleza kwa nini mafuta yanatolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama aliniamini au alichoka na moshi. Aligonga kipande kimoja kwa kidole, kikalia kama ubao.

"Nani alikufundisha?"

"Marehemu mama yangu," nikasema.

Walibeba nyama yote. Mimi nilikaa kwenye benchi mpaka giza likaingia, na ufagio bado nimeushika.

Jioni za sasa nachoma kama kawaida. Askari wachache wanakuja. Ajida Kasongo hajaja.

Madina


Kindu, 6 Julai 1982
kwa mkono wa Hadidja

Madina,

Walifika. Nilimwona Daudi akishuka kwenye masuwa na kikapu kichwani, sikumtambua. Alikaa kwangu kidogo tu, na sasa amekwenda mbele zaidi, kwa watu ambao sitawaandika. Anakohoa bado. Nilimchomea paja la mbuzi kwa mkono wangu, akasukuma sahani, akaniomba radhi. Alikula wali mtupu. Alisema nikwambie kwamba sauti yako nje ya ukuta, ulipokuwa ukiwakaribisha wateja, ndiyo aliyokuwa akiitumia kujua kwamba siku imekwisha.

Endelea kuchoma, hata kama Ramadhani hii wateja ni wachache. Usifunge mapema.

Usimtafute Kasongo. Lakini ukisikia neno lake lolote, niletee. Nimeswali swala zangu nikimtaja.

Feruzi


Kisangani, 19 Julai 1982
kwa mkono wa Hadidja

Tonton,

Jana mchana, kabla sijawasha moto, mwanamke aliingia ndani ya lupango. Mnene kidogo, amefunga kitambaa cheusi. Alisema, "Mimi ni Pélagie, mke wa Ajida Kasongo." Jina la ubatizo alilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyofanya siku hizi kwa majina yaliyokatazwa na serikali.

Anasema mume wake aliitwa kazini Jumatatu ile, baada ya wale watu kuja kwangu. Alikwenda na ndara, kwa sababu walimwambia ni maelezo ya dakika chache. Hakurudi. Alipokwenda kuuliza, wakamjibu kwamba mume wake amehamishwa mbali. "Viatu vyake viko nyumbani," akaniambia. "Dada, askari anahamishwa bila viatu?"

Nilimwambia sijui.

"Wanasema jioni zake alikuwa anazimalizia hapa. Siku ya mwisho alikwambia nini?"

Nilimtazama usoni. Nilitafuta kwenye macho yake kama ni mke aliyepoteza mume, au ni mtu aliyetumwa aje kunisikiliza. Machozi niliyaona. Lakini hata machozi, Tonton, siku hizi nayaogopa.

"Alisifu nyama," nikasema. "Akaenda."

Alitingisha kichwa. Kisha akaomba nimpe ile ile aliyokuwa akila mume wake, na kwa namna ile ile. Nikawasha moto mchana, nimefunga saumu. Alingoja kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Alikula yote. Alilamba vidole, akaniambia, "Alikuwa na haki kuisifu. Ni nzuri."

Mlangoni alisimama. Alisema anao watoto wanne na mkubwa anamwuliza kila asubuhi. Alisema hataki kitu kingine, anataka tu kujua kama mume wake alifanya jambo baya au jambo zuri, ili ajue la kuwaambia.

Nilisema tena kwamba sijui. Akaniaga kwa heshima. Amesema atarudi kesho.

Ninayo maneno ya kumpa. Ni machache, yangemtosha maisha yake yote na ya watoto wake. Lakini akiwa ametumwa, nimemwua Daudi, na Hadidja, na wewe. Akiwa hakutumwa, kwa kunyamaza namwua mara ya pili mtu aliyetuokoa.

Wewe ulilala naye kitanda kimoja. Umwandikie nani kuuliza habari zake, sijui. Lakini mimi niandikie. Hadidja anangoja mlangoni barua hii, na huyo mama atakuwa hapa kesho kabla jibu lako halijatoka Kindu. Nitamwekea nyama. Nitakaa naye. Nikishindwa kunyamaza, ujue ni kwa nini.

Madina